Biskwi za karamel na sheria ya mukaka

Batu bengi banafikiri biskwi ya shokola na karamel ni kitu ya kula. Kwetu Vulamba, mutaa moja wa Butembo, kwa muda fulani, ilikuwa kitu ya kunywa. Naweza kueleza, kwa sababu utafiti wote niliufanya mimi mwenyewe, bila musaada wa serikali.

Utafiti ulianzia shuleni. Mwenzangu wa banki ya darasa, yule tunakaa naye pamoja nyuma kabisa, papa yake ana butike. Kila asubuhi mufuko wake ulikuwa na biskwi, na mufuko ule ulikuwa na maana kuliko kichwa yake. Saa ya rekreasyo tulikuwa tunachukua chai kwa mama mwenye anauzisha mbele ya mulango wa shule, tunasimama kando ya ukuta, na tunachovya. Sheria ilikuwa hivi: unashika biskwi kwa ncha moja, ncha nyingine inaingia ndani ya chai, na unasali Salamu Maria kwa sauti. Biskwi ikianguka mbele useme Amina, imeshindwa. Ikifika Amina ikiwa muzima, inakuliwa kwa heshima. Masista wa shule walituona siku moja tukisali vile kwa bidii na bakafurahi sana. Hatukubaharibia furaha.

Biskwi zilikuwa za aina tatu. Ya kwanza ilikuwa na karatasi nyekundu, inapitia mupaka wa Kasindi kutoka Uganda. Ni nene, karamel iko katikati, shokola juu. Ile ni askari. Unaweza kusali Salamu Maria, uongeze na Baba Yetu, bado imesimama. Ya pili ni ndefu kama kidole, inakuja na kontena za bafanyabiashara benye banaenda Dubai. Ile inakaa vizuri, inakaa vizuri, kisha inaanguka yote mara moja bila kuaga, kama mutu wa pikipiki mwenye amekatika breki. Ya tatu haina hata karatasi. Ni zile zilizovunjika ndani ya karto, papa ya mwenzangu anazimwaga ndani ya ndoo na anazipima kwa kopo. Karamel yake ni sukari iliyochomwa tu, shokola yake sijui ni nini, na haifiki hata "umejaa neema." Tulikuwa tunaiita takataka. Weka jina hilo akilini.

Sasa, mukaka. Mukaka ni bibi yangu, mama ya mama yangu. Alitoka Kayna wakati vita ilishuka barabarani, akafika Butembo juu ya lori na kuku moja, rozari na jembe. Uwanja wetu karibu wote ni sementi, lakini hakuna mutu alimuuliza jembe ni ya kazi gani. Kinywani amebaki na meno mawili, moja juu upande huu, lingine chini upande ule. Hayajakutana hata siku moja.

"Niko mugeni," alisema siku ile alifika. "Wiki ijayo narudia kwangu."

Wiki ijayo ilikuja, ikapita, ikaja nyingine. Kila Jumapili alikuwa anasema vile vile, na sisi tulikuwa tunajibu ndiyo mukaka, wiki ijayo.

Shida haikuwa kulala. Shida ilikuwa kula. Kwa mukaka, mama-mukwe hawezi kula kwa mukwe wake. Anaweza kulala pale, anaweza kusali, anaweza kunigombeza mimi kutoka asubuhi mpaka jioni, lakini chakula isiingie kinywani mwake chini ya bati ya mwanaume mwenye alioa mutoto wake. Tena yeye na huyo mwanaume, maana yake papa yangu, habatazamane usoni. Papa akipita kwenye koridori, mukaka anageukia ukuta. Papa akitaka kumusalimia, anasimama nyuma ya rido, pazia ya mulango wa chumba, na anasema kutoka kule. Walikuwa kama yale meno mawili.

Batu bengi ya muji balishaacha mambo ile. Hata padri alikuja akamwambia mukaka kwamba Mungu hana shida na sahani. Mukaka alimusikiliza mpaka mwisho, kisha akamujibu kwamba padri anasema hivyo kwa sababu yeye hana mukwe.

Mwanzoni tulipata njia. Jirani yetu wa parsele, ile kiwanja ya pembeni, alikuwa mama Muislamu wa Beni, bwana yake anaendesha malori. Mukaka alikuwa anavuka kwake, anakula asubuhi na jioni, anarudi akifuta mudomo. Ramadhani ilipofika, mukaka, mukatoliki mpaka kwenye mifupa, alikataa kula mchana. "Siwezi kutafuna mbele ya mutu anafunga," alisema. Alingoja jua ishuke, akafungua pamoja nao. Nilimwambia mukaka amebakiza kidogo tu tumutafutie jina ingine. Alinirushia kiatu.

Kisha kazi ya malori ikamurudisha bwana yule Beni, na mama jirani akafunga nyumba, akamufuata. Inje alibakisha tu bati kadhaa za zamani zenye ziliegemea ukuta wake. Toka siku ile, mukaka alikuwa anakunywa chai tu.

"Chai ni maji," alisema. "Maji ni ya Mungu, haiko ya mukwe."

Mama alimubembeleza. Alipika maharagi, alipika sombe, alileta mandazi kutoka barabarani.

"Mama, kula kidogo. Nani atakuona?"

"Mi nitajiona."

"Mais mama, utakufa!"

"Sitakufa. Nitaenda Mulekera, kwa mutoto wangu mwanaume. Kule nitakula kama mutu."

Mulekera ni mutaa ya Beni. Mujomba wangu anaishi kule na batoto bake ndani ya chumba moja, na shamba yake iko mbali, upande wenye hakuna mutu anaenda tena kwa ajili ya vita. Na katikati kuna barabara. Batu banaipita barabara ya Beni, sisemi hapana, lakini hata dereva anaipita akisali, na yeye hachovyi biskwi. Mama aliposikia Mulekera aliweka sufuria chini na akatoka inje. Mukaka alishaamua: baada ya misa ya Jumapili, gari ya kwanza. Donc mambo ilikuwa wazi kwa kila mutu ndani ya nyumba. Ao mukaka anapata kitu tumboni hapa Butembo, ao anapanda barabara ile.

Mama alikuwa na wazo: papa amujengee jiko yake ndogo nyuma ya nyumba, akule kwa moto wake mwenyewe. Mukaka alikataa mbele ya mama kumaliza kusema.

"Mutu mwenye anajengewa jiko, amehamia. Mi sikuhamia."

Papa naye alikataa, kwa sababu ingine ambayo ilikuwa ni ile ile. "Tukijenga," alimwambia mama, "tutakuwa tumesema kama Kayna imekwisha. Mi sitakuwa mutu wa kumwambia ile."

Basi mama alibaki anatazama mama yake anakonda, na mimi nilibaki na biskwi.

Ilitokea hivi. Alhamisi nilikaa na mukaka chumbani, kila mutu na kopo yake. Nilichovya ile ndefu ya Dubai. Nilifika "umebarikiwa kuliko" na ikaanguka yote. Wakati ule ule mama akaniita nifunge kuku. Niliporudi, kopo yangu ilikuwa tupu mpaka chini, na mukaka anafuta mudomo na kona ya kitenge.

"Chai ya leo iko nzito," alisema.

"Mukaka, mule mulikuwa biskwi."

Aliweka kopo chini. Niliona anarudisha kichwa nyuma, anatafuta.

"Nilitafuna?"

"Mi sikuwa hapa. Ulitafuna?"

Alijipima tena. "Sikutafuna."

"Basi?"

"Basi," alisema, pole pole, kama juge anakata kesi. "Kitu unatafuna, ni chakula. Kitu unameza tu, ni kinywaji." Kisha akasukuma kopo kidogo upande wangu. "Termosi iko na chai ingine?"

Nilienda kumwambia mama. Mama alicheka kwa mara ya kwanza wiki ile, kisha akanishika mukono: "Tafuta zingine. Tafuta zenye kuyeyuka."

Donc utafiti ukageuka. Kesho yake shuleni nilimwambia mwenzangu kwamba natafuta biskwi ya kushindwa.

"Ya kushindwa?"

"Yenye kuanguka. Yenye kwisha kabisa."

Alinitazama. "Wee uko mugonjwa. Miezi yote ile tulisali ya nini?"

"Leta tu zote tatu. Nitakufanyia kazi ya kemia."

"Unajua kemia, wee?"

"Najua kuyeyuka."

Ilikuwa kweli. Profesa alishaandika neno lile ubaoni mara mingi na halikuniingia, lakini sasa nilikuwa na sababu.

Jioni nilianza na ile nyekundu. Niliivunja ndani ya kopo ya mukaka, nikamwaga chai ya moto, nikakoroga. Tulingoja. Biskwi ilikaa chini ya kopo kama mutoto mwenye amekataa kutoka kitandani siku ya Jumatatu. Mukaka aliitazama, akaisukuma na kijiko, akanirudishia kopo.

"Hii iko ya meno. Peleka."

Ningepaswa kuendelea na ile ya ndoo. Lakini mutu ana kiburi, na mimi nilikuwa naona haya kumupatia mukaka takataka. Jumamosi asubuhi nilirudia ile ndefu ya Dubai, kwa sababu ilishapita mara ya kwanza, na nikaweka mbili ndani ya kopo moja ili ashibe zaidi. Shokola iliyeyuka. Unga uliyeyuka. Lakini mbili ni mbili: karamel zilikutana kule chini, zikapendana, zikawa kitu moja ya kuvutika kama mupira. Mukaka akainua kopo na akakunywa yote.

Nikaona macho yake yanakuwa makubwa.

Karamel ilikuwa imeshika. Ilishika jino la juu, ikavuka kinywa, ikashika na lile la chini, na meno yale mawili, baada ya miaka yote ile, yakakutana na yakakataa kuachana. Mukaka hakufungua mudomo. Hakuweza. Na kutafuna hakutafuna, kwa sababu kutafuna ni kula. Alikaa juu ya kitanda, mugongo sawa, rozari mukononi, taya haisogei hata kidogo.

Wakati ule njo papa alifika nyuma ya rido.

"Wavukire, mama," alisema, salamu ya asubuhi, vile anasemaka kila siku mbele ya kwenda sokoni.

Mukaka alishika rozari kwa nguvu.

Lazima ujue kwamba kwetu mama-mukwe asiporudisha salamu, si kitu ndogo. Kuna banaume bibi zao balirudishwa kwa bazazi kwa ajili ya salamu.

"Wavukire, mama?"

Mukaka alinitazama. Akasema "mmm" na pua. Machozi ikaanza kumutoka, sijui ni ya haya ao ni ya karamel.

"Ana hasira?" papa aliniuliza kupitia kitambaa.

"Hapana, papa. Anasali."

"Anasali namna gani bila kusema?"

"Anasalia ndani."

Papa alisimama pale. Niliona viatu vyake chini ya rido, havisogei. Kisha akafanya kitu hajafanya toka aoe: alishika rido na akaifungua.

Walitazamana. Sijui kama ni papa aliona kwanza ao ni mukaka. Papa aliona mikono ile imebaki fimbo, aliona shingo, aliona machozi, aliona mama muzee mwenye mudomo umefungwa. Alifunga rido pole pole, kama mutu anafunga mulango ya mugonjwa, na nikamusikia kule uwanjani anaita mama.

"Mama yako anakufa na njaa ndani ya nyumba yangu!"

"Njo nilikuambia!"

"Uliniambia anakonda. Hukuniambia hata mudomo haifunguke!"

Nilimupatia mukaka chai ya moto, akaizungusha kinywani, moja tena, moja tena. Mwishowe kitu ikaachia. Alivuta pumzi. Neno ya kwanza ilitoka ilikuwa hii:

"Sikutafuna."

"Najua, mukaka."

"Lakini ameniona." Alishuka kitandani. "Amenitazama usoni. Siwezi kukaa tena hapa. Sitangoja misa. Naenda leo."

Alitandika kitenge chini, akaweka nguo zake, akafunga. Mama alikuja akapiga magoti mbele ya mulango. Mukaka alimuzunguka. Mimi nilibeba jembe, kwa sababu aliniambia nibebe, na huku nafikiri barabara ya Beni na kuku yule, nani atamushika.

Tulipotoka inje, papa alikuwa kwenye kona ya nyuma ya parsele na telefone sikioni. Nilisikia sauti ya mama jirani kutoka Beni, maana anasemaka kama telefone haiko na waya ya kutosha: "Chukueni, wallahi, chukueni zote!" Papa alikata telefone, akavuta zile bati za zamani kutoka ukuta wa jirani, akaanza kupigilia mbao. Hakugeuka. Mukaka naye aligeukia ukuta. Mimi nilibaki katikati, na mazungumuzo yakapitia kwangu, hata kama kila mutu alikuwa anasikia kila kitu.

"Mwambie mama," papa alisema, "hii haiko jiko."

"Mukaka, anasema haiko jiko."

"Mi siko kiziwi. Mwulize ni nini."

"Papa, ni nini?"

"Ni nyumba ya kuku yake. Kuku analala inje, wezi batamuiba."

Mukaka alifikiri. "Mwulize bati ni ya nani."

"Haiko yangu," papa alijibu, misumari mudomoni. "Ni ya mama jirani. Amesema mutu mwenye atakaa chini yake, ako kwake yeye jirani. Kama zamani."

Nyundo iliendelea. Mukaka aliweka furushi chini, akasogea kidogo, mugongo ukiwa bado upande wa papa, na akatazama kona ile kwa jicho ya pembeni.

"Chini haiko sawa," alisema. "Maji itaingia. Kuku atapata baridi. Nipe jembe."

Pale nyuma njo pahali peke yake sementi haikufika. Alilima yeye mwenyewe, akasawazisha. Papa alipomaliza bati ya mwisho, aliondoka bila kusema, na alipokuwa ameshaingia ndani, mukaka alinituma nitafute mawe matatu. Nilimuuliza kama kuku anahitaji mafiga. Aliniambia kuku ni muzee, anasikia baridi.

Nilijaribu pia ile ya ndoo mchana ule, ili utafiti wangu usibaki nusu. Niliiweka ndani ya kopo ya mukaka akiwa anawasha moto. Haikufika hata "Maria." Iliisha yote, hakuna kamba, hakuna jiwe, chai tu ya rangi ya udongo, tamu. Mukaka alikunywa na akasema hii njo ilikuwa ya kunipatia toka mwanzo. Nilisuuza kopo. Mwenzangu wa banki hajui mpaka leo kwamba takataka ilishinda.

Jioni mukaka alipika maharagi na bugali chini ya bati ya jirani. Alikula. Mama alikaa chini mbele yake na alihesabu kila tonge kwa macho, mpaka mukaka akamwambia atazame pengine. Tulikula sote pale, tumefinyana, moshi machoni. Kuku peke yake alikataa kuingia.

Sote, isipokuwa papa. Kwa sababu sheria ina pande mbili: mukwe naye hawezi kula sufuria ya mama-mukwe. Na mama, siku ile, alisahau kabisa kupika ndani. Papa alikuwa ndani ya nyumba, salon, na kopo ya chai na biskwi yangu moja nyekundu, ile ya askari, anaichovya, anaitoa, anaitazama.

Mukaka aliniuliza papa yangu anakula nini. Nilimwambia biskwi.

Alisimama. Alifungua ile kitenge ya safari, akatoa nguo zake akaziweka juu ya mbao, na akakunguta kitambaa. Kisha akakitandika juu ya kopo, akamwaga maharagi, akakamua mpaka mchuzi wote ukashuka, wa moto, wenye chumvi na mafuta ya mawese.

"Mupelekee papa yako," alisema. "Mwambie ni ya kunywa."

Nilimupelekea. Papa alishika kopo, akanusa, akatazama upande wa dirisha, akakunywa. Alikunywa pole pole na macho imefungwa. Karibu na mwisho alisimama ghafla. Shavu yake moja ilikuwa imevimba kidogo. Haragi moja ilipita kwenye kitambaa, ao mukaka aliipitisha, sijui.

"Alitafuna?" mukaka aliita kutoka nyuma.

Nilitazama papa. Alikaa na haragi yake ndani ya shavu, mugongo sawa, taya haisogei. Alitikisa kichwa.

"Hapana, mukaka," nilijibu. "Hakutafuna."